Unga wa Mawe Uliochelewa Nyuma ya Upepo

Ilianza Jumatano, saa kumi na robo jioni, wiki ya tatu ya Kidato cha Kwanza. Saa ninaikumbuka kwa sababu kengele ya michezo ilikuwa ndiyo kwanza imelia, na mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujificha nisiitwe kucheza netiboli. Mlango wa stoo iliyo nyuma ya maabara ulikuwa wazi nusu. Nikaingia. Ndani kulikuwa na giza, na katika giza hilo uzi mwekundu mwembamba ulikuwa umenyooka hewani juu ya meza. Msichana mrefu aliyevaa miwani ya wachomeleaji akaniambia bila hata kugeuka, "Funga mlango. Na usiinamishe kichwa."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Leo nastaafu, nikiwa na miaka kumi na saba.

Ninyi wa Kidato cha Tatu na ninyi wa Gredi ya Kumi, wa mtaala mpya, mliniomba niongee mbele ya klabu siku ya mwisho, kabla sisi wa mtihani hatujafungiwa na vitabu. Mnanijua. Nikisimama mbele ya watu mikono inatoka jasho mpaka karatasi inalowa. Kwa hiyo nawaandikia. Sitasema nilikuwa katibu lini na naibu lini, maana vyeo vya klabu hugawiwa kama uji, anayetangulia kwenye foleni ndiye anayepata. Nitasema ya stooni tu. Nimechoka, na mtaona kwenye mwandiko.

Msichana yule wa miwani alikuwa Nyaboke, wa Kidato cha Nne, mtunza leza kabla yangu. Sikumbuki akiniangalia usoni hata siku moja, na nadhani ndiyo sababu tulielewana. Alinifundisha kwamba jicho halishuki kamwe mpaka usawa wa meza leza ikiwa imewashwa, hata kama umeangusha kalamu, hata kama ni kalamu ya mwalimu mkuu. Kalamu itasubiri. Jicho likiungua halirudi. Hilo nimelirudia kwenu mpaka mnaliiga kwa sauti yangu mkidhani sisikii. Endeleeni kuiga.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na inachosha kufanya. Kompresa inasukuma hewa kwenye mrija, na hewa inatokea tundu dogo la shaba kwa kasi kubwa kuliko gari lolote mlilowahi kuona. Tunataka kujua ni kasi gani. Ukiingiza kifaa ndani ya upepo huo, kifaa kinauvuruga, na unabaki ukipima fujo uliyoileta mwenyewe. Kwa hiyo unaingiza mwanga, kwa sababu mwanga haumsukumi mtu. Leza moja inagawanywa kwa vipande vya kioo ikawa nyuzi mbili, zimeachana kama upana wa punje ya mchele. Halafu unatia vumbi kidogo katika hewa. Punje ya vumbi ikikata uzi wa kwanza inametameta, ikikata wa pili inametameta tena, na jicho la umeme linaona mara zote mbili na kuchora vilima viwili kwenye skrini. Umbali kati ya nyuzi unaujua, muda kati ya vilima unausoma, kasi unaipata. Hiyo ndiyo kazi yote.

Kinachochosha ni kwamba upepo wa kasi hiyo hauendi moja kwa moja. Unajikunja na kujipiga na kurudi nyuma. Punje inakata uzi wa kwanza, halafu inatekwa na kimbunga kidogo na haifiki wa pili. Nyingi hupotea hivyo. Zinazofika nazo hazikubaliani. Unapima tena na tena, unaandika namba zote, hata zile usizozipenda, ndipo unatafuta zinarundikana wapi. Nyaboke alisema kitu kimoja ambacho nilikiandika ndani ya kifuniko cha daftari: "Upepo huu hauna kasi moja. Una tabia." Nilikuwa na umri wa kuamini kila kitu kinachosemwa gizani, lakini hicho kimebaki kweli.

Leza yetu ilitolewa kwenye mashine ya kuchoma DVD, kutoka maktaba ya video iliyofungwa watu walipoanza kutazama kila kitu kwenye simu. Kompresa ni ya fundi wa pancha aliyenunua nyingine. Chujio la mahali inapovutia hewa lilipotea zamani, nanyi mnajua inavyolia, mpishi anasema maharagwe yanakataa kuiva ikiwashwa. Lenzi kubwa niliifuata mwenyewe mjini Kisii, kwenye duka la Bi Hansa linalouza redio na rimoti na betri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu.

"Lenzi ya nini?" akaniuliza.

"Ya kupima upepo." Sauti yangu iliishia kwenye viatu.

"Ati?"

"Upepo, Mama."

Akamgeukia mwanawe aliyekuwa juu ya ngazi. "Umesikia? Watoto wa Manga wanapima upepo. Mtoto, huko kwenu mlimani upepo ni wa bure, fungua dirisha tu."

"Ni upepo wa kompresa, Mama."

"Aaa. Basi huo si wa bure, huo unakula stima." Akaingia nyuma, akarudi na lenzi iliyotolewa kwenye projekta iliyokufa, akaifunga kwa gazeti kama samaki. "Ukijua unakwenda mbio gani, rudi uniambie unakimbilia nini."

Sijarudi kumwambia. Sijajua.

Kidato cha Pili alikuja Atieno. Baba yake alihamia kutoka upande wa ziwa kufanya kazi mjini, na Atieno akaletwa shuleni kwetu akiwa na maneno ya watu watatu. Alijiunga na klabu kwa sababu, alisema, stoo ndiyo mahali pekee penye joto. Mimi nilishika vioo, yeye akashika kompresa na kuongea. Nilimwacha aongee kwa niaba yangu kila mahali, hata kantini. Nakiri ilikuwa raha.

Mwalimu aliyeanzisha klabu ni Mwalimu Onchiri wa fizikia. Wengine mnajua na wengine hamjui: ni mdogo wake baba yangu. Nyumbani Manga boma lake na letu yanatenganishwa na migomba na njia ya miguu. Na kwetu kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Atieno aliniuliza ni nini nikashindwa kumjibu, kwa hiyo nitajaribu hapa. Ni heshima na haya zilizopangwa kwa vizazi. Baba yako na ndugu zake huwatanii, huwakatizi maneno, na huwaambii mbele ya watu kwamba wamekosea. Wa kutaniana nao ni babu na bibi. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Unakua ukiijua, kama unavyojua jiwe gani njiani linateleza.

Kwa hiyo shuleni nilikuwa na mwalimu ninayeweza kumuuliza swali lolote, na nyumbani nilikuwa na baba mdogo nisiyeweza kumpinga, na wote wawili walivaa sweta moja ya kijivu.

Alikuwa mwalimu mzuri wa mikono. Vitabuni wapo wengi, wa mikono ni wachache. Alinionyesha namna ya kushika kioo kwa kingo, namna ya kukaza skrubu mpaka ikatae na kisha kurudisha nyuma kidogo. Nikiharakisha alisema tu, "Usiguse. Iache itulie." Stima ikipotea katikati ya kipimo, na Manga stima hupotea hata mawingu yakikohoa, alikaa kwenye debe akisahihisha vitabu kwa mwanga wa mlangoni na hakulalamika. Nilijifunza kuchoka kutoka kwake, namna ya kuchoka bila kuacha.

Shida ya klabu tangu mwanzo ilikuwa vumbi. Vumbi la chaki lilishikamana likawa madonge. Unga wa ngano ulileta panya. Halafu, nikiwa Kidato cha Tatu, Mwalimu alikuja na mfuko wa unga wa mawe ya sabuni, ule wa rangi ya waridi unaobaki chini ya misumeno. Wakwe zake ni wachongaji upande wa Tabaka, viboko na twiga na vibao vya sataranji. Tuliuchekecha kwa soksi ya kike ya nailoni, tukauingiza kwenye mrija, na jamani, ule unga uling'aa. Vilima kwenye skrini vilisimama virefu na safi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka peke yake.

"Watu wanaagiza unga kutoka ng'ambo kupimia upepo," alisema, "na sisi tumeukalia miaka yote tukichonga viboko."

Tulipata mita mia moja sabini na mbili kwa sekunde. Tukapima wiki iliyofuata, tukapata hiyo hiyo. Tukapima baada ya likizo, hiyo hiyo. Namba inayojirudia ina sura ya ukweli, wadogo zangu, jihadharini nayo. Hesabu ya shinikizo ilisema hewa ingepaswa kutoka kwa kasi kubwa zaidi, karibu na kasi ya sauti yenyewe, lakini Mwalimu alisema tofauti inaliwa na msuguano wa mrija wetu mbovu, na mrija kweli ulikuwa mbovu. Akachora bango kwa mkono wake: JIWE LA KISII LAPIMA UPEPO. Akalitangaza gwarideni. Mwalimu mkuu akatuombea basi la kutupeleka kwenye maonyesho ya sayansi mjini Kisii. Huko, alituambia, angekuwapo rafiki yake waliyesoma naye chuoni, sasa mkuu wa sayansi katika shule kubwa, aliyekuwa akimuuliza kila mwaka kama klabu ya stooni bado ipo.

Ilikuwa mwaka huu, majuma mawili hivi kabla ya maonyesho, nilipoisogeza meza ya leza.

Sikuwa natafuta kitu. Mguu wa meza ulikuwa unayumba, nikausukuma, na nyuzi za leza zikawa mbali zaidi na tundu kuliko kawaida. Nikapima tu kwa kuwa kompresa ilikuwa imejaa. Kasi ikapanda. Nikadhani nimekosea. Nikasogeza tena kidogo, ikapanda tena. Nikakaa kwenye debe la Mwalimu nikaangalia ukuta.

Fikirieni nanyi. Upepo ukishatoka kwenye tundu kama letu hauna wa kuusukuma tena. Unaanza kuchoka pale pale. Kama kitu kinaongeza mwendo mbele ya tundu, hicho si upepo. Ni kitu kizito kinachoburutwa na upepo, ambacho bado kinajaribu kuufikia. Punje zetu nzuri za waridi zilikuwa kubwa mno. Tulikuwa tumepima kasi ya mawe.

Nilimwambia Atieno peke yake. Akafungua mkoba wake akatoa dawa ya mbu, ile ya kuchoma iliyojizungusha kama konokono. Manga hakuna mbu, baridi inawaua wakiwa njiani, lakini Atieno alikulia ziwani na hawezi kulala bila harufu ile. Akaiwasha, akaiweka mahali kompresa inapovutia hewa. Moshi ni mwepesi, unakwenda na hewa popote iendapo. Vilima vyake vilikuwa vifupi, vimezama kwenye kelele za skrini, ile mistari inayotetemeka ovyo, tukalazimika kupima mchana kutwa Jumamosi nzima. Lakini vilirundikana mahali pamoja, karibu na mia tatu. Na nilipoisogeza meza mbali na tundu, kasi ilishuka, kama ilivyotakiwa.

"Haya, Kero," Atieno alisema, Kerubo kwake ni refu mno. "Si umwambie tu?"

"Siwezi."

"Ni mwalimu wako."

"Ni baba yangu mdogo."

"Basi nitamwambia mimi."

"Atajua umetumwa na mimi. Wewe hujui hata skrini inawashwa wapi."

"Nimeumia, lakini sawa. Sasa itakuwaje? Aende mbele ya watu aseme upepo, na ni mawe?"

"Sijui."

"Ninyi Wakisii mtakuja kufa na vitu tumboni."

Hapo ndipo uchovu wangu halisi ulipoanza, si ule wa kupima. Nikinyamaza, mwamuzi yeyote aliyesoma angeuliza swali moja, na mtu aliyenifundisha kila kitu angeaibika mbele ya rafiki yake. Nikisema, ningekuwa mimi ndiye niliyemwaibisha, mtoto wa kaka yake, na boma letu lote lingejua. Nililala na hiyo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kipindi cha hesabu.

Kwetu jambo kama hilo hupitishwa kwa mtu wa katikati. Nikaenda kwa magokoro, nyanya yangu mzaa baba, ambaye naruhusiwa kumtania na yeye hunitania mpaka nalia. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, upepo na mawe na moshi. Akasikiliza vizuri, kisha akacheka.

"Nimwambie mimi? Yule nimemzaa. Wewe una chinsoni yako, na mimi nina yangu. Nimwendee mwanaume mzima nimwambie mawe yake yanakwenda polepole?"

"Sasa nifanyeje, Magokoro?"

"Yeye ana mke. Mke husema kila kitu."

Nikavuka migomba kwa mama mdogo, mke wa Mwalimu. Alikuwa anaanika nguo. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye unga, akashika kiuno.

"Kerubo. Unga huo ulitoka wapi?"

"Tabaka."

"Kwa nani?"

"Kwa baba yako, Mama."

"Sasa unataka nimwambie mume wangu kwamba unga wa baba yangu ni mbaya?" Akaendelea kuanika. "Chukua hizo ndizi mpelekee bibi yako."

Nikarudi na ndizi.

Kilichobaki ni mashine. Alhamisi, siku moja kabla ya maonyesho, Mwalimu alikuja kutazama kipimo cha mwisho kabla ya kufungasha. Nikawasha, nikapima kwa unga: mia moja sabini na mbili. Akatikisa kichwa, ameridhika. Nikasogeza meza mbali na tundu, nikapima. Ikapanda. Akaacha kutikisa. Nikafunga unga, Atieno akawasha konokono wake, nikapima kwa moshi, pale tunduni kisha mbali. Ilichukua muda mrefu. Niliangalia mikono yangu tu. Namba zilikuwa pale, kubwa, nilivyoziandika kwenye ubao mdogo.

"Nani ameweka dawa ya mbu hapa?" akauliza mwishowe.

"Mimi, Mwalimu," Atieno akasema. "Mbu walizidi."

"Manga hakuna mbu."

"Mimi hubeba tu, Mwalimu."

Akaisogelea skrini. Nilijua ameona, mtu aliyenifundisha kuona hawezi kukosa kuona. Halafu akasema, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa siku, "Moshi una kelele nyingi. Vilima vyake havisomeki. Tunaenda na unga." Akatoka. Na nusu ya maneno yake ilikuwa haki, vilima havikusomeka vizuri. Hiyo ndiyo nusu aliyoishika.

Tukafunga vioo kwa magazeti, kila kimoja peke yake. Hilo nalo liandikeni: kila kimoja peke yake.

Ijumaa hema lilikuwa limejaa mpaka pembeni, volkano za magadi na roboti za katoni. Walimu waliwekwa nyuma ya kamba, sheria ya maonyesho, wasiwasaidie wanafunzi. Rafiki yake Mwalimu alikuwapo, mtu mnene mchangamfu mwenye tai, wamesimama bega kwa bega. Mwamuzi wetu alikuwa mama mmoja aliyebandika miwani juu ya nywele. Alisoma bango, akatazama unga ukimetameta, akauliza nani anaendesha mashine. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Atieno hakusema kitu. Alininyooshea kidole.

"Nzuri sana," mama yule aliniambia. "Hii mia moja sabini na mbili. Ni kasi ya hewa, au ni kasi ya unga?"

Niliangalia chini. Chini ya kamba, hatua chache tu, niliona viatu vya baba mdogo, vimepigwa rangi asubuhi ile. Nilifikiria kusema "hewa", kwa sababu lilikuwa neno lililoandikwa tayari, sikuwa na haja ya kulitunga. Lakini nimekaa stooni miaka, nimeandika namba nisizozipenda pamoja na nilizozipenda, na mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Ya unga," nikasema.

"Sema kwa nguvu."

"Ya unga, Mwalimu. Punje ni nzito. Hewa inaziacha nyuma."

"Na hewa yenyewe?"

"Karibu mia tatu. Tulipima kwa moshi, lakini vilima ni hafifu."

"Mbona bango linasema upepo?"

Hilo sikulijibu. Hilo lingekuwa la kumtaja baba mdogo. Mama yule alinisubiri, akaangalia kwenye kamba, akaandika kitu, akasema asante na kwenda kwenye volkano.

Nyuma ya kamba yule rafiki akacheka, cheko la urafiki, ndilo baya zaidi. "Onchiri! Kumbe miaka yote unapima mawe!"

"Ndiyo," nikamsikia baba mdogo akisema. "Tunapima mawe."

Jina letu halikusomwa miongoni mwa waliosonga mbele. Kwenye basi alikaa mbele karibu na dereva, kompresa katikati ya miguu yake. Atieno alinishika mkono, akasema umelowa kama samaki, na hakuuachia mpaka aliposhuka. Tulipofika Manga Mwalimu akashusha vifaa pamoja nasi, akafunga stoo, akaenda nyumbani kwa njia ya juu. Mimi nikapita ya chini. Jioni ile baba aliniuliza maonyesho yalikuwaje nikasema yalikuwa na watu wengi. Sikula.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni kwa magokoro nikichochea moto wa chai baba mdogo alipobisha. Akaingia, akamsalimia mama yake, akakaa kwenye kigoda cha mlangoni akitazama nje. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, sufuria mkononi, ningeweza kumgusa kwa mwiko.

"Mama," akasema, "yule mjukuu wako ameamka?"

Magokoro akaniangalia, akamwangalia yeye. "Ameamka."

"Mwambie jana waamuzi walikuwa na haki kutuacha. Bango na mashine havikusema kitu kimoja."

"Mm."

"Mwambie bango hilo ni mimi niliyeliandika, si yeye." Akakohoa. "Na umwambie moshi hauwezi kupita vizuri kwenye mrija wenye unga. Ndiyo maana vilima ni hafifu. Unga umeganda ndani. Mrija uoshwe kwanza, ndipo tupime upya."

Magokoro akanigeukia. "Kerubo, umesikia?"

"Mwambie nimesikia, Magokoro."

"Amesikia," akamwambia mwanawe. "Na mimi leo nimekuwa simu ya nani? Mimina chai, mtoto, kabla hawajanikata salio."

Baba mdogo akainua uso kidogo, si mpaka kwangu, mpaka kwenye sufuria. Akanywa chai yake, akaweka ufunguo wa stoo juu ya kigoda aliposimama, akaondoka.

Nikavaa sweta, nikachukua beseni na sabuni, nikaenda shuleni ingawa ilikuwa Jumamosi. Nikauchomoa mrija mzima, nikaupeleka bombani, nikamimina maji upande mmoja. Upande wa pili yakatoka ya waridi mazito, halafu ya waridi mepesi, halafu kama maziwa. Mikono ikafa ganzi kwa baridi. Nikaendelea kumimina mpaka yakatoka maji tu.